Damu ya Mzee Asiyekasirika

Dukani, chumba cha mashine

Kwa Mama Mkwe Mheshimiwa,

YAH: RANGI YA KADI ZA SHEREHE YAKO YA KUSTAAFU

Shikamoo Mama. Natumaini hujambo, na miguu imepunguza kuvimba. Sisi huku wazima, isipokuwa mimi.

Nimeona nikuandikie badala ya kuja, kwa sababu kila nikija na malalamiko unanikaribisha chakula, nami nikishashiba hukubali kila kitu. Kwa heshima yote anayostahili mkunga aliyezalisha nusu ya mtaa huu, naomba kuwasilisha yafuatayo:

1. Kuhusu jina la rangi. Ulipofika dukani ulitandaza mezani skafu yako, ile uliyozawadiwa na wauguzi wenzako wa wodi ya wazazi, ukasema, "Baba, nataka kadi za rangi hii. Damu ya mzee, ila huyo mzee awe hajakasirika." Nikakutolea kitabu cha sampuli. Nikakueleza kwamba rangi maalumu kama hii haipatikani kwa kurundika vitone vya rangi nne juu ya karatasi, kama picha za kawaida. Huchanganywa kwanza kwenye kopo, kwa kipimo, ikapewa namba, na namba hiyo humpa mchapaji yeyote rangi ileile. Ukakifunga kitabu taratibu. Ukasema umepokea watoto maisha yako yote na hakuna hata mmoja uliyemwita kwa namba. Mama, mimi ni mmoja wa watoto hao. Nikakirudisha kitabu kabatini.

2. Kuhusu simu. Uliomba uione rangi kabla haijachapwa. Nikakuonya kwamba kioo cha simu ni taa na karatasi ni karatasi, na kila simu ina macho yake. Ukasema niitume tu kwenye kundi la familia. Nikaituma. Wewe ukaona zambarau. Shemeji yangu dereva, ambaye kioo cha simu yake kimepasuka, akaona kijani na akaandika "safi sana." Mama mdogo akaona nyeusi tii, na jina lako katikati, akapiga yowe. Kabla sijafafanua, pole zilikuwa zinamiminika, na baba mkubwa wa mke wangu alikuwa ameshapanda basi kuja kukuzika. Alipokukuta unamenya vitunguu alifurahi sana, na mpaka leo hajaondoka. Analala sebuleni kwangu. Simlalamikii yeye, nalalamikia rangi iliyomleta.

3. Basi nikachanganya wino wenyewe, nikaupaka kwenye karatasi ileile ya kadi, kwani hicho ndicho kionjo pekee ninachokiamini. Ukatazama, ukasema, "Bado kidogo." Nikatia tone la wino mweusi. "Umepita." Nikaongeza wino mwekundu. "Sasa amekasirika." Nilidhani unanisema mimi, kumbe unamsema mzee wa kwenye kopo. Binti yako, aliyeahidi mbele ya watu kwamba tutashikamana katika shida na raha, alisimama upande wako wa meza akasema, "Mama ana jicho. Wewe msikilize tu."

4. Kuhusu "mh." Hatimaye ulitoka na karatasi na skafu kibarazani, ukatikisa kichwa kukubali, nikachapa kadi zote. Jana ukaja, ukalaza skafu juu ya kadi chini ya taa yangu, ukasema, "Mh." Ukaaga, ukaiacha skafu. Mama, "mh" hiyo haimo kwenye kitabu cha sampuli. Nimeitafuta.

Sherehe ni Jumamosi na karatasi imekwisha. Usidhani nataka kukushinda. Nataka siku hiyo upendeze kuliko wote, kwa sababu uliponipokea duniani naambiwa nilikuwa na rangi ya bluu, na wewe hukusema "mh". Ulinichapa mgongoni nikalia.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu:

(a) Kwa kuwa kadi haziwezi kuifuata skafu, skafu izifuate kadi. Wino ninao, na ndoo ninayo.

(b) Kwa kuwa skafu mpya itagombana na gauni lako la sherehe, gauni nalo lichovywe. Mapazia ya ukumbi pia. Wageni wote wapitie dukani kwangu kabla ya kuketi.

(c) Ili ubishi huu usirithiwe na wajukuu, familia ithibitishe damu ya mzee kwa mzee halisi. Baba mkubwa ni mzee, yupo, na alikuwa hajakasirika. Ni tone moja tu la kidole kwenye karatasi nyeupe, na sindano wewe hukosi. Nilimweleza asubuhi wakati wa chai. Kwa masikitiko, sasa amekasirika, na sampuli haifai mpaka apoe.

Nisalimie mama mdogo, umwambie bado u mzima. Msalimie shemeji na simu yake. Wote wa nyumbani na majirani wa pande zote mbili wapokee salamu zangu, hata wale waliotuma pole.

Ni mimi mkweo, mwenye wino hadi kwenye viwiko,
Mchapaji

Baada ya sahihi: Nimetoka kibarazani kumpa binti yako barua hii akuletee, kadi mkono mmoja, skafu mkono wa pili. Jua likavipiga vyote viwili. Mama, ni rangi moja! Hakuna mwenye macho atakayevitenganisha. Kumbe ni taa ya dukani inayowasingizia watu, na jicho lako halikukosea hata mara moja. Nafuta malalamiko yote, na kadi zinaanza kugawiwa leo. Ila ombi (a) nilikuwa nimeshalianza, pembe moja tu ya skafu, kwa majaribio, na pembe hiyo ndiyo sasa imekasirika. Binti yako ameiona pembe hiyo, akakaa chini kibarazani kwa kicheko, na mpaka naandika haya hajaweza kusimama. Barua ikichelewa, sababu ndiyo hiyo.