Jalala la Kiwanda cha Betri Linaingia Feizi ya Kwanza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hakuweza kufika na ameniagiza nimwakilishe. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Mazingira Endelevu. Wenyeviti, makamu wenyeviti na wenyeviti wastaafu. Wataalamu wetu wa ndani, wa nje na wa njiani. Na ninyi wananchi, mliokaa juani kwa hiari yenu: itifaki imezingatiwa! (Makofi kutoka jukwaani.)

Nasimama hapa kifua mbele, mimi Mkurugenzi wa Usafi, Ustawi na Mambo Mengineyo, kutangaza kwamba eneo hili, ambalo kiwanda cha betri kilimwaga taka zake mpaka kikafungwa na wenyewe wakatokomea, leo linaingia rasmi feizi ya kwanza, yaani awamu ya kwanza, ya usafishaji wa kimkakati, chini ya fremuweki shirikishi, jumuishi na sastenabo, ambayo niliibuni mimi binafsi nikiwa semina, katika hoteli moja yenye utulivu mkubwa. (Mwananchi apiga chafya. Wengine wamfuata.)

Takwimu zinajieleza. Kabla sijateuliwa, asilimia mia moja ya wakazi walikuwa wanalalamika. Leo ni asilimia sitini tu, kwa kuwa wale wengine wamehama. (Minong'ono.) Hayo ndiyo maendeleo! Mnasema kuku wenu wanakufa. Utafiti wetu umebaini kuku hao walikuwa na matatizo yao binafsi. Mnasema maji ya kisima yamekuwa ya kijani. Jamani, wenzenu rangi wanainunua dukani! (Kicheko kimoja, cha katibu wake.)

Nani huyo ananyoosha mkono? Fundi cherehani? Maswali ni mwishoni, mama. Haya, sema, lakini kwa kifupi, watu wa runinga wana haraka.

("Mheshimiwa, mwanangu huyu nimembeba kwa sababu hawezi kutembea. Alifuata mpira, akakanyaga lile dimbwi pale. Nyayo zote zimebabuka, hata ndala havai. Mimi sijaja kusikiliza feizi. Ule udongo mnauondoa lini?" Umati: "Ndiyo! Lini?")

Ahsante, dada yangu, kwa swali zuri sana. Kwanza, mtoto pole. Pili, lile si dimbwi. Kitaalamu tunaliita kimiminika tuli kinachosubiri tathmini, na mtoto amelikanyaga bila kibali. Tatu, huo mpira ulikuwa wa nani? (Kelele: "Jibu swali!") Utulivu, ndugu zangu, utulivu! Katapila hilo la manjano hamlioni? Dereva! Washa mtambo, wananchi waone serikali yao ikichapa kazi!

(Dereva, kutoka juu ya kiti chake: "Mzee, halina injini. Tumelivuta na lori." Umati wavunjika mbavu. Mama fundi hacheki.)

Naam! Hiyo ndiyo teknolojia rafiki kwa mazingira, haitoi moshi hata chembe! (Mazomeo.) Mama, mbona unakuja huku mbele? Usimkalishe mtoto hapo, hiyo ni meza ya wageni. Bendeji usiifungue. Mama, nakuomba, usiifungue hapa!

(Mama fundi afungua bendeji.)

Haya. Nimeona. Nimesema nimeona, basi inatosha. Mfunike, tafadhali. Kamera zielekee kule kwenye bango la mradi, lenye picha ya bustani.

Kwa kuhitimisha, tuseme kwa sauti moja. Nikisema "Taka", mnajibu "Kwaheri!" Taka? (Mwananchi akohoa.) Taka? ("Wewe!") Nimeipokea hamasa yenu.

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mkandarasi, ambaye tutaanza kumtafuta fungu litakapopatikana. Nawashukuru wenzetu wa nchi rafiki, kwa kuwa bustani hiyo nzuri mnayoiona kwenye bango ni ya kwao. Kipekee kabisa namshukuru mchoraji wa bango, maana katika mradi huu wote ni yeye peke yake aliyefanya kazi. Nanyi wananchi, ahsanteni kwa uvumilivu. Naomba mbaki hapo hapo mlipo mpaka msafara wangu upite, kwani daktari wangu amenikataza kabisa kukaa kwenye hewa ya hapa.