Kuku Asiyelowekwa

Alhamisi, 9 Juni
Nimechoka kuwa wa pili! Kila Jumapili shemeji, dada wa mke wangu, huleta kuku aliyelala kwenye viungo, na mama mkwe humsifu mpaka chai inapoa. Leo uzalendo umenishinda. Nikatamka mbele ya wote kwamba kuloweka kuku ni kupoteza muda. Chumvi, moto, basi! Shemeji akacheka, akasema tupike wote wawili Jumapili, mama aonje. Mshindi ndiye mpishi wa familia mwaka mzima. Mwingine ataosha masufuria. Nikakubali. Mdomo wangu huu!

Ijumaa, 10 Juni
Nimeshona aproni ya ushindi. Fundi cherehani hawezi kutawazwa akiwa na nguo ya kuazima. Kifuani nimetarizi MPISHI MKUU. Nilipokata uzi wa mwisho nikaingiwa na wasiwasi. Je, kama kuloweka kunasaidia kweli? Basi nimemloweka wangu kwa siri. Ndimu kumi na mbili, siki, vitunguu saumu. Nimemficha kwenye friji ya kinyozi, jirani wa duka langu.

Jumamosi, 11 Juni
Kinyozi analalamika soda zake zinanuka vitunguu saumu. Nimemziba mdomo kwa kumpunguzia suruali. Nimeongeza ndimu nne. Shemeji ni muuguzi, yuko zamu tangu jana. Maskini, hajui kinachomsubiri.

Jumapili, 12 Juni
Nyumba imefurika, watoto wanagonga sahani. Nikamgusa kuku wangu kwa koleo, nyama ikabaki kwenye koleo, mifupa jikoni. Imerojeka! Baba mkwe akauliza kama nimepikia mtoto anayeota meno. Watu wakacheka hadi machozi, na mimi nikacheka, nitafanyaje? Wa shemeji akaliwa mpaka vidole vikalambwa. Mama mkwe akamvisha aproni yangu.
Niko kwenye masufuria, shemeji akaja kunipa pole. Akaninong'oneza nisimwambie mama: zamu ilimbana, hakuloweka hata dakika moja. Chumvi na moto tu.
Yaani nilikuwa sahihi! Tangu Alhamisi! Na siwezi kumwambia mtu.

Jumatatu, 13 Juni
Nimepunguza aproni kiuno, imkae shemeji vizuri. Imempendeza, sikatai. Kinyozi, ninayemweleza yote, ameuliza kwa nini nisipike kwa chumvi na moto, kama nilivyosema mwenyewe. Aendelee kunyoa! Nimeomba marudiano, mama mkwe amekubali. Kosa langu nimelijua. Siku mbili hazikutosha. Safari hii nne, na ndimu thelathini.