Alpaka wa Kumwonyesha Baba Mkwe

Jumatatu, 5 Mei 2014
Nimetemewa mate tena. Ya kijani, yananuka majani yaliyochacha. Aliyenitemea ni Praline, alpaka wa Madame Mathilde, mwenye shamba hili la pembeni mwa Evere, huku Ubelgiji, ambapo mimi na Donat ndio vibarua. Alpaka ni mnyama wa manyoya, mfano wa kondoo aliyevutwa shingo. Wapo kumi na mmoja. Kumi wananivumilia. Praline hataki hata kunisikia.

Donat akipiga mluzi tu, wote wanakuja mbio, Praline mbele. Donat! Fundi rangi wa Uvira ambaye hajawahi kufuga hata kuku.

Siku nyingine ningepuuza. Lakini Jumapili anakuja baba mkwe wangu, Papa Anaclet, kutoka Namur. Amechunga ng'ombe kijijini Walungu ujana wake wote. Mimi ni mtoto wa lami, nimekulia Bukavu mjini, mahari niliipeleka kwenye bahasha, si kwa ng'ombe. Kwa miaka kumi na moja hajaniita mkwe hata mara moja. Ananiita jirani. Anasema binti yake aliolewa na bahasha.

Basi siku ya Pasaka nilimwambia kwa simu kwamba ninafuga. Wanyama kumi na mmoja. Wa kwangu. Sijui ulimi uliteleza vipi.

Sasa lazima Praline anipende kabla ya Jumapili. Mfugaji anayetemewa mate na mnyama wake mwenyewe atamdanganya nani?

Jumanne, 6 Mei
Mpango wa kwanza: harufu. Nimegundua kwamba wanyama hawampendi Donat, wanalipenda koti lake. Asubuhi nimelivaa alipokwenda kujaza maji. Kundi zima limenifuata hadi uani. Dakika nne nilikuwa mfalme. Kisha Praline akanusa kola, akainua macho, akauona uso wangu. Sikuwahi hata kufumba macho.

Donat ameuliza kwa nini koti lake limekuwa kijani. Nimesema ni unyevu wa Ubelgiji.

Madame Mathilde ameniita pembeni. Amesema alpaka hapendwi kwa nguvu. Simama ubavuni mwake, usimkazie macho, usimguse kichwa, usiwe na haraka. Nimeitikia oui, oui. Ni ushauri mzuri kwa mtu mwenye mwaka mzima. Mimi nina siku tano.

Jumatano, 7 Mei
Mpango wa pili: nyimbo. Papa Anaclet hutuambia kwamba ng'ombe wake aliwaimbia sifa, mmoja mmoja kwa jina. Nimempigia Maman Rolande wa kwaya yetu anifundishe wimbo wa kuchungia. Amesema yeye ni mtu wa Goma mjini, anajua za kanisani tu. Bon, nimechukua ya kanisani.

Nimeimba ile ya kupeleka sadaka, beti zote. Wanyama walisikiliza, masikio juu. Kwenye ubeti wa nne wakajipanga mstari, mmoja nyuma ya mwingine, kama waumini wa kweli, wakaenda hadi ile kona yao moja ya kunyea, na kila mmoja akatoa alichojaliwa.

Donat ameniletea koleo.

Jioni Antoinette, mke wangu, amenisihi nimwambie baba yake ukweli kabla hajapanda treni. Amesema hata yeye nilimchumbia hivi hivi, kwa vurugu. Nimemkumbusha kwamba alikubali. Amesema alikuwa amechoka.

Ijumaa, 9 Mei
Leo nusura nimuue Praline.

Mpango wa tatu ulikuwa karoti. Madame amekataza kabisa kulisha kwa mkono. Nimeficha nane mfukoni, nzima nzima. Praline amekuja. Kwangu! Amekula ya kwanza, ya pili, ya tatu akaifakamia, ikamkwama. Akanyoosha shingo, akakohoa, udenda ukimtoka. Nimepiga yowe. Donat amekuja mbio, akamkanda shingo taratibu mpaka kipande kikatoka. Mimi nilishika ukuta tu, nikiwaomba watakatifu wote ninaowajua na wawili nisio na hakika nao.

Donat angeweza kunichoma kwa Madame. Madame alipofika, amemwambia mnyama alikula kwa pupa, basi. Nimeona aibu mno.

Mchana kutwa nimekaa kwenye majani makavu karibu na Praline. Sikumtazama, sikuimba, sikuwa na mpango wowote. Niliogopa tu kwamba atakufa. Saa tisa hivi akanisogelea, akaweka kidevu begani mwangu, akaanza kuguna kwa puani, mm, mm, kama mama anayebembeleza mtoto. Nimelia. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Fundisho: karoti zinafanya kazi. Ila zikatwe.

Jumapili, 11 Mei
Nimempokea Papa Anaclet kwenye stesheni ya Gare du Nord. Kofia, fimbo, begi. Donat amekubali kufunga mdomo, nami nitazoa kinyesi peke yangu hadi Juni. Madame Mathilde nilimwambia tu kwamba mzee wangu anapenda wanyama. Madame hajui Kiswahili. Papa, sijamsikia hata siku moja akisema Kifaransa. Nikajiona salama katikati.

Papa amelizunguka kundi. Ameuliza pembe ziko wapi. Nimesema Ulaya ni marufuku. Ndipo Praline akaja mwenyewe, bila karoti, akaweka kidevu begani mwangu. Papa akasimama. Akasema huyu ni muzuri. Akamzunguka, akasema huyu ni muzuri sana. Aliposema mara ya tatu nikajua ninachodaiwa na adabu. Kwao, mzee akisifu mnyama mara tatu, mkwe husema ni wako. Mzee hujibu Mungu akuzidishie, na mnyama hubaki zizini. Nikasema, Papa, ni wako.

Hakusema Mungu akuzidishie. Alifungua begi, akatoa kamba. Akasema mpwa wake Noé anangoja njiani na kamioneti, gari la kumbebea mnyama.

Madame akaja kuuliza kuna nini. Nikamwambia kwa Kifaransa kwamba mzee anaomba kumtembeza mnyama kidogo. Nikamwambia Papa kwa Kiswahili kwamba huyu mama ni kibarua wangu, ana uchungu wa kuachana na Praline. Donat akageukia ukuta, mabega yakimtikisika.

Papa akavua kofia. Akamwambia Madame, kwa Kifaransa safi cha mapadri, kwamba anaomba radhi, mnyama ni wa Madame na haendi popote, yeye alitaka tu kuona huyu mwanaume atafika wapi. Kumbe Antoinette alimweleza yote Jumatano. Kumbe ng'ombe aliowachunga walikuwa wa misheni, miaka ishirini, hakuna hata mmoja wake.

Nilitamani ardhi inimeze. Papa akakunja kamba polepole. Akasema mnyama hadanganyiki, amenichagua, kwa hiyo uchungaji ninao, ng'ombe sina na hilo si kitu. Kilichobaki ni niseme mwenyewe, mbele ya wote, wanyama hawa ni wa nani. Nikasema ni wa Madame. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. Papa akanishika mkono. Akasema, bon, mukwe, twende tukule.

Mukwe. Miaka kumi na moja nimelingoja neno hilo.

Jumatatu, 12 Mei
Nimeamka mwepesi. Wakati wa chai nimemwambia Antoinette kwamba uongo ni mzigo, na kuanzia leo ni ukweli mtupu. Ameniongezea chai.

Saa kumi jioni Papa amepiga simu. Amesema, mukwe, kaka yangu wa Liège anataka kuona wale wanyama wasio na pembe, mutatupokea Jumapili? Neno lile lilinipanda kichwani kama pombe ya ndizi. Nikasema karibuni sana, Papa, wanyama wangu watafurahi.

Nilisikia saa yake ya ukutani ikigonga.

Bon, jirani, akasema, tutaona. Akakata.

Nimemweleza Antoinette kwamba simu ya baba yake imezeeka, haishiki maneno vizuri. Jumapili nitampa mpya.