Pindo Shingoni

Jumatatu, 14 mwezi wa Tir

Arusi ya Tsigereda ni Jumapili ya wiki ijayo. Kiti cha baraka ni kimoja. Maharusi watapiga magoti, watabusu magoti ya mkubwa wa familia, naye atawabariki. Mkubwa huyo ni mimi! Nimemlea Tsigereda tangu ana miaka minne, wazazi wake walipofariki. Lakini Lemma, mjomba wake, ana joho jeusi lenye nyuzi za dhahabu, na mke wangu Yeshi ameanza kusema kwamba picha ni picha, afadhali akae Lemma. Leo, mbele ya Lemma, amesema koti langu la ukarani limekula chumvi nyingi kuliko mimi. Lemma akacheka hadi kahawa ikamtoka puani.

Nikajibu kwamba nitavaa vazi la mkono wangu mwenyewe. Sijui nilisema kwa nini. Sijawahi hata kushona kifungo.

Jumatano, 16 Tir

Nimechora. Shati jeupe mpaka magotini. Juu yake netela, shuka letu jembamba la pamba, lenye pindo la rangi. Hila yangu: netela za watu huteleza kila wakiinama. Yangu nitaishona kwenye shati!

Nimejipima kwa kamba, fundo kwa kila kipimo. Kifua, kiuno, mkono. Kisha nikasahau fundo lipi ni lipi. Kwa hesabu ya sasa, mkono wangu ni mrefu kuliko mzunguko wa kiuno. Nilibana pumzi, lakini si kiasi hicho.

Alhamisi, 17 Tir

Leo nimekwenda soko la Shiro Meda, kwa Gatiso mfumaji. Nilishika pamba yake nikamwona mama akisokota mlangoni, kwetu Gondar. Miaka arobaini na mmoja tangu nihame. Gatiso aliona macho yangu, akanipa pole, akauliza nani amefariki. Nikasema ni arusi. Akanionya, akiniita Gashe kwa heshima ya umri: "Basi Gashe, pindo lining'inie chini. Likipanda shingoni ni msiba, watu watakulilia."

Kunifundisha mimi! Nilijua hilo kabla baba yake hajaota meno.

Jumamosi, 19 Tir

Nimekata. Mikono miwili, yote ya kushoto. Mmoja nimeugeuza ndani nje. Mshono unaonekana, lakini nitauita mtindo.

Tsigereda alipita, akauliza kama ni pazia. Nikasema ni siri. Akanibusu kipajini, akasema hata nikivaa gunia, magoti atakayobusu ni yangu. Mtoto mzuri. Hajui mambo ya picha.

Alhamisi, 24 Tir

Leo netela. Nilitandaza shati mezani, kola ikinielekea mimi. Nikajikumbusha kwa sauti: pindo chini! Kwa mtu aliyeketi mezani, chini ni upande wake. Nikaliweka upande wangu. Nimeshona mara tatu, kwa uzi wa viatu. Hata tetemeko la ardhi halitalifumua.

Sikuona haja ya kulijaribu mwilini. Nina kipimo.

Jumapili, 27 Tir

Sielewi.

Nilivaa garini, haraka, bila kioo. Nikaingia ukumbini. Ngoma zikanyamaza. Bibi mmoja wa upande wa bwana arusi akanitazama shingoni, akajipiga kifua. "Uwii! Nani, baba, nani?" Wenzake wakapokea kilio. Nikageuka nyuma, hapakuwa na mtu. Nikatafuta uso wa Lemma, sikuuona. Nikajua: Lemma ametutoka! Nikalia kwa dhati. Nilimsamehe hata ile kahawa.

Lemma akatokea jikoni, kinywa kimejaa. Akapaza sauti kwamba wanyamaze, hajafa mtu, aliyekufa ni fundi. Akavuta netela. Haikutoka. Akaita wawili wengine, wakavuta. Nikainuka mimi, netela ikabaki pale pale.

Basi akavua joho lake, akanivika, akalifunga hadi kidevuni. "Kaa, mzee. Mtoto ni wako." Akanikalisha kitini.

Tsigereda akabusu magoti yangu. Nilikuwa nimeandika baraka za kurasa tatu, zote zikapotea. Nikasema tu aliyokuwa akisema mama: zaeni, zeekeni, na mlango msiufunge.

Lemma alikuwa akifuta macho. Moshi wa ubani, nadhani.

Jumatatu, 28 Tir

Nimetafakari sana. Kosa ni la meza. Imekaa vibaya chumbani.

Yeshi alinivua lile shati kwa mkasi. Asubuhi Lemma alikuja kuchukua joho lake. Nikamwambia kesho, bado linapigwa pasi. Mtu kama yule hastahili kurudishiwa hivi hivi. Nililichunguza: bega limepinda, mikono imechakaa. Fundi gani huyo! Nimeifumua yote, nimtengenezee upya, iwe shukrani yangu. Ajabu ni kwamba sasa mkono wangu umeizoea kazi wenyewe.

Mikono mipya nimekwisha kata. Miwili, inafanana kama mapacha.