Suti ya Mwanafunzi wa Miaka Sitini na Minane

Jumatatu, 3 Machi
Mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke kwetu. Nina miaka sitini na minane, na leo nimeamua: nakwenda ng'ambo kusoma shahada ya biashara! Chuo nimeshakichagua. Kiko katika mji niliozaliwa. Binti yangu akasema huko si ng'ambo, ni nyumbani. Nikamwambia nyumbani mtu haombwi viza. Hila yenyewe naiandika hapa tu: mgeni huulizwa mwenyeji wake nani, na wangu wote wamekwisha. Mwanafunzi haulizwi. Nitapita tena mtaani kwangu kwa kisingizio cha elimu! Isitoshe, fundi mwenzangu wa mlango wa pili, niliyempa jina la Mkasi kwa ajili ya ulimi wake, ametundika shahada ya mwanawe juu ya cherehani. Nami nitatundika yangu mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi
Mama wa chuo kapiga simu. Usaili Jumatatu, kwa video. Kaniita mzee wangu, kwa lafudhi ya kwetu kabisa. Nikasahau alichouliza. Basi, suti! Nimekata kile kitambaa cha kijivu nilichokuwa nakitunza. Futi ya kupimia sikuigusa. Kigezo changu cha karatasi, chenye vipimo vya mwili wangu, kimo sandukuni, nilikikata mwaka ule niliotoka, na fundi hampimi tena mteja ambaye kigezo chake anacho. Mkasi kachungulia, akauliza nani anaoa. Nikamjibu haoi mtu, anasoma mtu.

Ijumaa, 7 Machi
Suti tayari. Mshono safi, naapa. Haifungiki. Kifungo na tundu lake wanatazamana kwa mbali kama mawifi waliogombana. Nimelaumu pasi, kisha kitambaa. Binti yangu akanizunguka, akanishika bega.
"Baba, uliyemshonea alishaondoka."
Maneno ya mtoto. Chakula cha jioni nimekiacha mpaka usaili upite.

Jumatatu, 10 Machi
Nimebana pumzi, ikafunga! Mama wa chuo akataka kujua nitafungua biashara gani. Duka la ushonaji, nikasema, mtaa wa nyuma ya posta, mlango wa pili baada ya mpiga picha, palipokuwa na karakana yangu. Kisha taratibu akanieleza kwamba safu ile yote ilibomolewa, pale sasa ni bweni la wanafunzi.
"Lakini una bahati, mzee wangu. Chumba chako kitakuwa pale pale."
Nikashusha pumzi. Kifungo kikaruka, kikagonga kioo cha kompyuta. Tulicheka sote mpaka machozi. Yeye akawahi kuyafuta.

Alhamisi, 13 Machi
Nimekubaliwa! Nimemtangazia Mkasi mara tatu. Ya tatu akafunga mlango. Baadaye akaja kuijaribu suti, kwa mzaha. Imemkaa kana kwamba nilimpima yeye. Mwembamba kama sindano, mshenzi yule. Nimemwachia. Binti yangu kaniuliza nasafiri lini. Nikamwambia nimemshukuru yule mama, nikakataa. Nilale juu ya karakana yangu mwenyewe, na viza mfukoni? Akanitazama kwa huruma. Ya nini? Nimeshapata chuo kingine, bora zaidi, nchi ya theluji! Biashara, miaka mitatu. Litahitajika koti zito. Kigezo kiko mezani, sina haja ya kujipima. Kesho nakata.
Kwetu sirudi.