Honi ya Oili na Safari ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Honi ya injini, ile ya kuonya oili ikipungua, imeanza tena. Pii, pii, pii! Nilikuwa katikati ya ziwa na abiria wanne, na mmoja akauliza kwa sauti kama boti yangu inarudi nyuma. Watu wamejaa dharau siku hizi.

Nimefunga gatini, nimefungua kifuniko cha injini. Tangi la oili limejaa pomoni. Sasa inalilia nini? Injini hii ni mzee, sikatai. Nimeishi nayo tangu binti yangu anatambaa, na sasa ameolewa. Lakini kunisingizia mbele ya abiria, hapana.

Jioni mambo yameharibika zaidi. Mke wangu amesema mama yake anakuja Jumamosi na mimi ndiye wa kumvusha kutoka ng'ambo. Mara ya mwisho mama mkwe alipopanda boti yangu alishuka amelowa mpaka kilemba. Kwa hiyo hukumu imetolewa mapema: mama asipofika mkavu na kwa amani, boti inakwenda kwa kaka yake mke wangu, anayetafuta hori la kunyweshea ng'ombe. Na boti, kwa karatasi, ni ya mke wangu. Yangu ni kwa mapenzi tu.

Hori! "Subiri Uone" yangu, ng'ombe watumbukize pua! Nimeapa. Mama atavuka, tena kwa raha zake.

Jumanne, 4 Machi

Nimelala nikiwaza, nimeamka na jibu. Injini haina tatizo. Mgonjwa ni honi yenyewe. Nimeisokomeza soksi.

Nimewasha. Badala ya pii, pii, sasa ni sauti ya paka ndani ya gunia.

Na nani alikuwa amesimama gatini? Shemeji, huyo huyo mwenye ng'ombe. Watu wanamwita Injinia, ingawa kitu pekee cha uinjinia alichowahi kushika ni mkoba wa injinia fulani, akimbebea. Boti yake ina injini mpya isiyotoa hata mguno, na anaifuta kwa taulo safi kuliko ninayofutia uso. Akaniuliza kwa upole kama nimeanza kufuga paka. Halafu akatoa futi kamba mfukoni, akapima boti yangu! Urefu, upana, akapima hadi kina. Akasema nisijali, anaangalia tu.

Nimekasirika hadi nikasahau chakula cha mchana. Hatapata kitu yule.

Jumatano, 5 Machi

Nimemeza mate machungu, nimekwenda kwa fundi wa gatini. Sikutaka ajue ni mimi. Nimemwambia nina rafiki, boti yake inalia ovyo.

Fundi hakuinua kichwa. Akasema nimwambie huyo rafiki kuwa ndani ya tangi la oili kuna boya. Oili ikipungua, boya linashuka, honi inalia. Boya likikwama chini au likiharibika, honi italia hata tangi lijae mpaka limwagike. Rafiki afungue tangi, asafishe chujio, aangalie boya linapanda na kushuka vizuri.

Kisha akauliza rafiki yangu anatumia oili gani. Nikasema ya kawaida. Akashangaa mbona boti ya rafiki yangu ikipita, gati zima linasikia njaa.

Nikaaga.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefungua tangi. Haya, mwezi uliopita niliongezea mafuta aliyobakiwa nayo mama wa viazi vya kukaanga. Kuna ubaya gani? Oili inateleza, na yale yanateleza. Yamegeuka uji mzito wa kahawia. Katika chujio nimekuta kipande cha kiazi, kimeiva vizuri.

Nimemwaga kila kitu. Nimeosha kwa petroli, nimepuliza mipira ya kupitishia oili, nimesugua hadi kucha zimekuwa nyeusi. Mtu asiseme mimi ni mvivu. Nikatumbukiza boya kwenye kopo la oili. Likazama kama kijiko. Lina ufa, limekunywa oili likashiba.

Nimerudi kwa fundi. Akauliza hali ya rafiki yangu. Nikamwambia tuachane na habari za rafiki. Boya jipya litatoka mjini, wiki ijayo. Mpaka hapo, amesema, kila kabla ya safari nifungue tangi niangalie oili kwa macho, na honi niiache ilie.

Ilie, mama mkwe akiwa ndani? Fundi huyu hana mkwe.

Ijumaa, 7 Machi

Jamani, nina akili! Nimechukua kizibo cha chupa, nimekikata kidogo, nimekibana chini ya boya. Sasa boya limesimama juu daima dumu. Honi inaamini tangi limejaa. Kimya!

Nilitia oili kikombe kimoja tu ya kujaribia. Dumu zima liko nyumbani nyuma ya mlango, kesho nitajaza. Nimezunguka mbele ya gati mara tatu. Mke wangu alisimama ufukweni kusikiliza, akakaribia kutabasamu. Injinia naye alisikiliza, akarudisha futi kamba mfukoni.

Mchana wote nimepiga boti msasa na kuandaa kiti cha mama. Hii nitaishinda.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeamka na furaha ya bwana harusi. Mto wa sofa, nimebeba. Mwavuli, nimebeba. Chupa ya chai, nimebeba. Nikawasha, nikatega sikio. Kimya. Nikang'oa nanga.

Ng'ambo nikampa mama mkwe shikamoo mara mbili. Akaketi kwenye mto, akafungua mwavuli. Tulipokolea mwendo akasema leo boti imetulia, mkwe wake nimekuwa mtu mzima. Machozi yalinilenga, naandika bila aibu.

Palepale injini ikaguna, ikazima. Nikavuta kamba. Haivutiki. Imenoki, imekwama kabisa!

Nikafungua tangi. Tupu kama sahani iliyooshwa. Boya limesimama juu ya kizibo chake, lina raha mustarehe. Na dumu liko nyuma ya mlango.

Mama akauliza mbona zamani injini hii ilikuwa ikilia kabla ya kuharibika na leo haikusema kitu. Nikamweleza kuhusu kizibo. Nakiri nilieleza kwa fahari kidogo, maana kimekatwa vizuri. Kisha akauliza polepole, ili aelewe vizuri, kama ni kweli injini ilikuwa inaniita na mimi nikaiziba mdomo. Nikasema, kwa namna fulani, ndiyo, Mama.

Injinia akatokea na kamba yake. Alikuwa anapita tu, eti. Mama alikataa kuhamia kwake. Alisema alipanda kwa mkwe na atashukia kwa mkwe. Tukavutwa hadi gatini, yeye chini ya mwavuli, mimi nikitazama maji.

Nimejitetea kwa nguvu zote. Mama amefika mkavu! Amefika kwa amani! Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano! Mke wangu akamwachia mama aamue. Mama akasema ni kweli, hakulowa hata tone, na chai ilikuwa nzuri. Kwa hiyo boti iende kwa ng'ombe, na mimi niende nayo niwe najaza maji.

Nimeumia. Sitaki chakula.

Jumapili, 16 Machi

"Subiri Uone" iko zizini kwa shemeji. Siku ya kwanza kumwona ng'ombe analamba jina ubavuni, nilitoka nje kwanza.

Lakini mimi si wa kukaa na huzuni. Boya jipya limefika kutoka mjini. Nimelifunga ndani ya hori, nikaunga honi na betri. Maji yakipungua, boya linashuka, honi inaniita nikajaze. Injinia amezunguka hori mara mbili na kuniita fundi, mbele ya mama mkwe! Mama naye akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nimerudi kwenye chati.

Leo saa nne asubuhi nilikuwa ndiyo kwanza nimekaa kivulini na chai yangu. Pii, pii, pii! Nikaja mbio, nikachungulia: maji yamebaki kidogo chini. Ndoo ziko mbali, kisima kiko mbali zaidi, na kelele ile inaumiza kichwa.

Bahati nzuri kizibo bado ninacho mfukoni. Nimekibana chini ya boya, kimekaa barabara.

Sasa ni kimya kabisa. Ng'ombe wote wamekusanyika kwenye hori, wananitazama. Naona wameridhika.