Loki ya Siri Ndani ya Gari la Baba Mkwe

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimekwama tena. Mlima uleule wa udongo mwekundu, kona ileile, magunia kumi ya chakula cha kuku nyuma, na mimi nimevaa viatu vyangu vizuri. Nikavuta kile kigia kifupi cha magurudumu manne kama kawaida yangu. Wapi! Gurudumu moja la nyuma lilizunguka kama feni. La pili likatulia tuli, kana kwamba halihusiki.

Akaja shemeji na trekta lake. Shemeji ni kaka wa mke wangu, na sijapata kumwona akija kunivuta bila tabasamu. Akaniambia nisione haya, nikikwama nimpigie tu, yeye hana kazi nyingi. Uongo! Ana kazi tele. Anaziacha zote aje kuniona mimi matopeni.

Juu kabisa, mama mkwe alikuwa kasimama mlangoni pa banda la kuku na mabuti yake ya mpira. Pikapu hii ilikuwa ya marehemu mumewe. Mzee mwenyewe alinikabidhi funguo miaka minne iliyopita, kwa mkono wake. Asubuhi nampeleka mke wangu hospitalini, yeye ni muuguzi. Mchana nabeba mayai na chakula cha kuku. Ndiyo kazi yangu, sina nyingine.

Mama akasema kwa upole (na upole wake ndio unaotisha) kwamba mwaka huu nimeshavutwa mara sita. Jumamosi kuna vifaranga mia tatu wa kuletwa. Wakifika salama kwa nguvu za gari lenyewe, heri. Gari likikwama, funguo anapewa shemeji.

Nikasema sawa, Mama.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimegundua! Tatizo si mimi. Tatizo ni difu.

Fundi wa gereji alinieleza kwa kutumia vifuniko viwili vya chupa na msumari. Vifuniko ndivyo magurudumu ya nyuma, msumari ndio ekseli, na katikati ndipo ilipo difu, inayogawa nguvu. Gurudumu moja likiingia kwenye utelezi, difu inalipa nguvu zote hilohilo linaloteleza, na lile lililokanyaga pakavu halipati kitu. Nikamwambia huo ni upendeleo wa wazi. Akasema ukifunga loki, magurudumu yote mawili yanalazimika kuzunguka pamoja. Basi nifunge loki! Akasema taratibu, kwenye lami gurudumu la nje la kona husafiri mbali kuliko la ndani, ukiyafunga pamoja yanagombana. Nilielewa kila kitu mpaka nilipofika getini.

Nikarudi. Akaeleza upya. Kuna loki ya kujifunga yenyewe, haina kitufe, ukikanyaga mafuta inang'ata, ukikata kona inaachia ikipenda. Kuna ya kitufe, inalala siku zote mpaka uiamshe. Na kuna kuichomelea difu moja kwa moja, lakini hiyo alisema anamfanyia adui tu.

Kwa mtu anayeendesha kwenye lami kila siku, akasema, chagua ya kitufe. Kisha akaniuliza, kabla ya kuingia matopeni, huwa nashuka nikazungusha kwa mkono zile hab za mbele? Akanionyesha vidude viwili vya duara katikati ya magurudumu ya mbele. Nikamwambia nimekuja kwa mambo ya difu, siyo mapambo. Akarudi chini ya gari alilokuwa akitengeneza.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimeamua kutafuta maoni ya wataalamu. Kosa kubwa.

Muuza tairi anasema loki ya nyuma haina faida, weka mbele. Dereva wa lori la mchanga anasema ukiweka mbele usukani utakuvunja mikono, weka nyuma. Kwenye kundi moja la simu la wapenda kuendesha matopeni, mmoja kasema weka zote mbili. Mwingine kasema usiweke yoyote, jifunze kuendesha. Huyo nimemzuia. Wa tatu hakujibu swali, alituma picha ya gari lake likiwa katikati ya mto, na watu hamsini wakampigia makofi.

Nikachukua daftari la hesabu la binti yangu, nikachora jedwali. Mbele, nyuma, kitufe, bila kitufe, lami, matope. Kufikia saa kumi jioni kila chumba kilikuwa na neno moja tu, "inategemea". Binti akaja kudai daftari lake. Alipoona jedwali aliniuliza mwalimu wangu ni nani.

Wakati wa chakula nikajaribu kumpima mke wangu kwa mbali. Nikasema magari ya siku hizi yana vitu vingi vizuri ndani ya difu. Hata hakuinua kichwa. Akasema gari la baba lisichokonolewe.

Sasa fikiria. Kitufe hakiwezekani! Kila asubuhi anakaa mbele ya dashibodi ile, anaijua mpaka mikwaruzo yake. Lakini ile ya kujifunga yenyewe haina kitufe. Haionekani. Fundi, muuza tairi, dereva wa lori, wote wamehangaika na matope na lami, hakuna hata mmoja aliyefikiria suala la mke. Nimelala usingizi mzuri sana.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Imefungwa. Loki ya nyuma, ya kujifunga yenyewe. Nyumbani nimesema ni breki.

Fundi alikubali kuchukua redio yangu kubwa ya spika mbili badala ya malipo. Lakini kabla ya kushika spana alinitaka nirudie kwa sauti, mara tatu, mbele ya wafanyakazi wake, kwamba nimeshauriwa nichague ya kitufe nikakataa mwenyewe. Nikarudia. Mara ya tatu waliitikia pamoja nami.

Nilipokuwa natoka akanikimbilia dirishani kuuliza tena kuhusu zile hab. Huyu mtu ana ugonjwa wa vile vidude. Nikampungia mkono.

Mke wangu kauliza redio iko wapi. Nikasema nayo ina breki. Hapana, nilisema inatengenezwa. Sikumbuki nilisema nini, ila alinitazama sana.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Siku mbaya. Naandika kwa ufupi, mikono inanuka mayai.

Kona ya kwanza tu kutoka nyumbani: tak, tak, tak! Mke wangu kauliza ni nini. Nikasema jeki inacheza huko nyuma. Akaniambia nisimame. Akashuka na sare zake nyeupe, akaitoa jeki, akaipakata mapajani. Tukaendelea. Tak, tak, tak! Akaitazama jeki. Akanitazama mimi. Nikasema labda ni breki mpya zinazoeana.

Kuingia getini kwa hospitali kuna kona kali. Tairi ya ndani ikapiga ukelele kama mtu aliyekanyagwa, mlinzi akaruka nyuma ya kibanda chake. Mke wangu alishuka bila kuaga. Jeki kaiacha kwenye kiti.

Mchana nikapeleka mayai kwa mwoka mikate. Nilipokata kona ya kuingia uani kwake nikakanyaga mafuta kidogo, kidogo tu, loki ikang'ata na gari likarusha teke. Trei nne chini. Mwoka mikate akachungulia nyuma, akaniuliza kama nimeamua kumsaidia kukoroga.

Jioni mke wangu alirudi kwa gari la muuguzi mwenzake. Amesema amechoka kusikia gari la baba yake likilia. Hilo liliniuma kweli. Lakini sikuweza kumwambia kwamba ninafanya haya yote ili gari libaki kwetu, kwa sababu ingebidi nimwambie haya yote ni yapi.

Mvua imeanza. Vizuri! Sasa wataona.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nilifika chini ya mlima saa nne, maboksi ya vifaranga nimeyafunika turubai. Kule juu niliona trekta la shemeji linanguruma, kalitayarisha kabisa. Nikavuta kigia kifupi. Nikajikaza kisabuni. Nikakanyaga mafuta.

Na loki ilifanya kazi! Nataka ieleweke hivyo. Safari hii hakuna gurudumu la nyuma lililotulia. Yote mawili yalizunguka pamoja, sawasawa, kama fundi alivyosema. Na kwa kuwa yalizunguka pamoja, yaliteleza pamoja, na mgongo wote wa gari ukahama kwa pamoja mpaka mtaroni. Yale ya mbele hayakusaidia kitu. Kimya. Kilichosikika ni vifaranga mia tatu wanalia chini ya turubai na mvua ikipiga.

Nikakaa pale nimeshika usukani. Nilimkumbuka mzee. Nikaona aibu hata ya kushuka.

Dirisha likagongwa. Mama mkwe! Kateremka mlima mzima kwa miguu na mabuti yake. Akaniambia nimpishe. Nikashuka. Hakuja kwenye kiti moja kwa moja, aliinama kwenye gurudumu la mbele, akafuta matope kwa kiganja, akakizungusha kile kidude cha duara. Kra! Akazunguka upande wa pili. Kra! Kisha akapanda, akavuta kigia kilekile ninachokivuta mimi siku zote, akakanyaga mafuta polepole.

Magurudumu ya mbele yakashika. Gari likajitoa mtaroni, likapanda mlima wote, kona zote, kana kwamba linamtambua mwenyewe. Mimi nililifuata kwa miguu. Shemeji alizima trekta. Hata yeye hakucheka, na hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya.

Juu, Mama aliwahesabu vifaranga wote. Wazima. Kisha akaniuliza kwa ule upole wake, je, marehemu hakukuonyesha? Akasema bila kuzungusha vile vidude, kigia cha magurudumu manne ni urembo mtupu, magurudumu ya mbele hayapati nguvu.

Alinionyesha. Sasa nakumbuka vizuri. Siku ile aliponipa funguo alichuchumaa karibu na gurudumu lile, mgonjwa vile alivyokuwa, akaeleza kwa muda mrefu, na mimi nikaitikia ndiyo Baba, ndiyo Baba. Nilikuwa natazama funguo mkononi mwangu. Sikusikia hata neno moja. Nilimwambia Mama hivyo hivyo.

Mama alipangusa matope mikononi. Kisha akasema gari halikupanda kwa nguvu zangu, lakini pia halikuvutwa, kwa hiyo shemeji hapewi. Akampigia simu binti yake. Kuanzia leo funguo anashika mke wangu. Nitaendelea kubeba mayai, na yeye ndiye atakayeendesha siku ambazo hayuko zamu. Siku nyingine atanipa funguo akipenda.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mke wangu aliendesha. Mimi nilikaa kiti cha abiria na jeki.

Tulipopita gereji tulisikia redio yangu inaimba ndani, spika zote mbili. Mke wangu akapunguza mwendo. Akaitazama gereji, akanitazama mimi, akachungulia kioo kutazama gurudumu la nyuma. Tak, tak, tak. Hakusema kitu. Nimechukulia kwamba amekubali.

Nimefikiri sana tangu jana, na watu hawa wote wamekosea kuhusu ule mlima. Wanasifu vile vidude. Lakini aliyekuwa nyuma, akisukuma kimyakimya bila kusifiwa, alikuwa nani? Loki yangu! Mama alizungusha vidude vya mbele kwenye gari ambalo nyuma nilishalitengeneza. Tumepanda pamoja, mimi na yeye.

Kilichobaki ni loki ya mbele. Safari hii nimemsikiliza fundi, nitachagua ya kitufe. Yeye amekataa kuifunga, lakini nimeshapata fundi mwingine anayependa saa za ukutani. Na kitufe hakitaonekana kabisa. Kitakaa chini ya kiti cha abiria. Nani atakijua? Anayekaa hapo ni mimi.